“Wayuaye?” Tathmini ya darasa la a priori mjini Lamu

Mtaani Mkomani, katika kiwanda cha nyumba ya kale, yaani ule uwazi wa ndani usioezekwa, hufanyika darasa la jioni linalofundisha istilahi moja tu ya falsafa: a priori. Vipindi ni sita, kila kimoja dakika 90 baada ya sala ya isha, kwa shilingi 1,200 pamoja na kijitabu cha kurasa 32. Bei ni nafuu, na ahadi inatimizwa: anayehudhuria vipindi vyote hutoka akijua neno hilo lina maana gani na halina maana gani. Kasoro zipo. Mbili ni kubwa, na zote mbili zimo kwenye kijitabu zaidi kuliko kinywani mwa mwalimu.

Kinacholibeba darasa ni swali moja la Kiamu: Wayuaye? Kwa Kiswahili sanifu, unajuaje? Mwanafunzi akisema maji yatajaa saa nne, huulizwa wayuaye. Mwingine akisema kila mjomba ana dada, au aliwahi kuwa naye, huulizwa vilevile. Wa kwanza atataja mwezi, jedwali la maji, au mazoea ya wavuvi. Wa pili hatataja chochote kilichoonekana kwa macho, kwa sababu mjomba ni ndugu wa kiume wa mama, na aliyeelewa hivyo hana haja ya kuzunguka mtaa wa Langoni nyumba kwa nyumba akiwahesabu wajomba na dada zao. Jibu la kwanza ni a posteriori, la pili ni a priori. Tofauti haiko katika jambo linalojuliwa wala katika ugumu wake, iko katika kile ambacho mtu anakiweka mezani anapodaiwa ushahidi. Ushahidi ukitegemea tajiriba, yaani kuona, kusikia, kupima, kuambiwa, maarifa hayo ni a posteriori. Ukisimama bila kuegemea tajiriba, ni a priori.

Swali hilo lirudiwe mpaka lichoshe, kama mwalimu anavyofanya. Ni zana bora kuliko ufafanuzi wowote uliomo kijitabuni.

Kijitabu chenyewe, ukurasa wa 3, kinatafsiri a priori kuwa “maarifa ya kuzaliwa nayo”. Hilo ndilo kosa kubwa la kwanza, na halifai kusamehewa kwa sababu linaharibu kila kinachofuata. Kuzaliwa na fikra fulani ni suala la asili ya fikra: imeingiaje kichwani? Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke alikataa mwaka 1690 kwamba binadamu huzaliwa na fikra zozote, na Leibniz, mwanafalsafa wa Kijerumani, akamjibu kwa hoja ndefu ambazo hazikuchapishwa mpaka 1765, yeye akiwa amekwisha kufa. Ugomvi wao ulihusu mlango ambao fikra imeingilia. A priori inahusu kitu kingine, yaani ithibati: fikra inasimama juu ya ushahidi gani? Hakuna mtoto aliyezaliwa akilijua neno mjomba. Amelisikia kwa mama yake, kwa majirani, pengine amekosea mara kadhaa na kurekebishwa. Yote hayo ni tajiriba. Lakini tajiriba iliyomwezesha kuielewa sentensi siyo inayoifanya sentensi iwe kweli, wala siye shahidi anayemwita anapoulizwa wayuaye. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani ambaye ndiye aliyeipa istilahi hii umbo tunalolitumia leo katika kitabu chake cha 1781, anaanza toleo la pili la 1787 kwa hoja hiyohiyo: maarifa yetu yote huanza pamoja na tajiriba, lakini haifuati kwamba yote yanatokana na tajiriba.

Kwa hiyo “kabla” katika “maarifa kabla ya tajiriba” si kabla ya saa. Ni kabla kama vile msingi ulivyo kabla ya ukuta hata kama picha ya nyumba inavionyesha vyote kwa pamoja. Mwalimu analieleza hili vizuri kwa mdomo. Wanaosoma kijitabu nyumbani bila kuhudhuria watabaki na kosa.

Kipindi cha kwanza kinashughulikia neno lenyewe, na hapa nusu saa inatosha. Darasa linatumia zaidi ya hapo. Muhimu ni haya. Ni maneno mawili, si moja. A ni kihusishi cha Kilatini chenye maana ya “kutoka kwa”. Priori ni umbo la prior, “kilichotangulia kati ya viwili”, na mwenzake ni posterior, “kilichofuata”. Kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno ni “kutoka kwa kilichotangulia”. Kijitabu kinaandika apriori kwa neno moja, na baadhi ya wanafunzi, wakikumbuka istilahi za Kigiriki zinazoanza kwa a- ya kukanusha, hudhani maana yake ni “bila utangulizi”. Ni kinyume kabisa. Kiarabu cha falsafa ya leo husema qabli na ba'di, na msikilizaji wa Lamu husikia mara moja kabla na baada. Ukaribu huo unasaidia masikio, ila unaleta tena ile hatari ya saa iliyotajwa juu.

Kipindi cha pili ndicho cha kupendeza kwa macho. Sakafuni huchorwa kwa chaki mraba wenye upande wa dhiraa 2, eneo lake dhiraa 4 za mraba. Kazi ni kuchora mraba wenye eneo la mara mbili, yaani 8. Jaribio hili limo katika Meno, kitabu cha Plato, ambamo Socrates anampa mtumwa asiyesoma hesabu. Wanafunzi wa Lamu hukosea pale pale alipokosea yule mtumwa: kwanza huongeza upande mara mbili, ukawa 4, na eneo likatoka 16, kisha hujaribu 3, likatoka 9. Jibu ni kuchora mstari wa mshazari ndani ya mraba wa kwanza na kuufanya huo uwe upande wa mraba mpya. Mshazari hukata mraba wa kwanza vipande viwili sawa vya pembetatu, kila kimoja eneo la 2. Mraba uliojengwa juu ya mshazari una pembetatu nne kama hizo. Nne mara 2 ni 8. Kila hatua inaonekana kwa akili, na hakuna aliyepima.

Tatizo ni utepe. Kabla ya uthibitisho kukamilika, utepe wa fundi hupitishwa mikononi, mshazari ukapimwa, ikapatikana dhiraa 2 na sehemu kama 83 katika 100, kisha ikazidishwa yenyewe kwa yenyewe na kupatikana karibu 8. Wengi hapo ndipo wanapotikisa kichwa kwa kuridhika. Yaani wameridhishwa na utepe. Akiulizwa wayuaye, mwanafunzi huyo atajibu “tumepima”, na maarifa yake yamekuwa a posteriori ingawa ukweli anaoujua ni wa kihesabu. Ubaya zaidi, kupima hakuwezi kutoa 8 kamili hata siku moja, kwa sababu urefu wa mshazari huo hauandikiki kwa sehemu yoyote kamili ya tarakimu. Utepe daima utasema “karibu”. Uthibitisho wa pembetatu nne hausemi karibu. Utepe ufichwe mpaka mwisho, kisha utolewe kama funzo la pili: jambo moja laweza kujulikana kwa njia zote mbili, na njia hizo hazina nguvu sawa.

Papo hapo mafundi waliokuwepo huleta kamba ya 3, 4, 5, wanayoitumia kunyoosha pembe ya msingi: pima 3 upande huu, 4 upande ule, na ikiwa mstari wa kuunganisha ni 5, pembe ni mraba. Mfano mzuri mno, na darasa linaupita haraka. Kwamba pembetatu ya 3, 4, 5 ina pembe mraba ni a priori. Kwamba kamba iliyoko mkononi haijavutika ni a posteriori, na kamba ya kumbi ikilowa hubadilika. Msingi ukitoka mshazari, hakuna fundi anayeilaumu hesabu, anaibadilisha kamba. Kant anatoa mfano wa jirani na huu: mtu aliyeuchimbua msingi wa nyumba yake angeweza kujua a priori kwamba itaanguka, asingehitaji kungoja ianguke. Lakini Kant anaongeza kwamba hata huyo hakujua a priori kikamilifu, kwa sababu kwamba vitu ni vizito na huanguka vikikosa tegemeo alijifunza kwa tajiriba. Mjini penye kuta nene za matumbawe mfano huo unastahili nusu saa. Ulipewa dakika tano.

Kipindi cha tatu ndicho cha kulipia nauli ya mashua kutoka Shela. Kinahusu mirathi.

Mke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, hana mtoto, hana baba wala babu, hana kaka. Kwa madhehebu ya Shafi mume ana nusu, dada wawili wana theluthi mbili kwa pamoja. Nusu ni 3/6, theluthi mbili ni 4/6, jumla 7/6. Mafungu yamezidi mali. Hapo hufanywa auli, yaani kuwapunguzia warithi wote kwa uwiano: asili ya masala, yaani idadi ya sehemu ambazo mali inagawanywa, inapandishwa kutoka 6 hadi 7, mume akapata 3/7 na kila dada 2/7. Mali ikiwa shilingi 840,000, mume anachukua 360,000 na kila dada 240,000, badala ya 420,000 na 280,000 ambazo kwa jumla zingekuwa 980,000, pesa zisizokuwepo.

Sasa liulizwe swali la Kiamu kwa kila kipande. Wayuaye kwamba marehemu hakuacha mtoto? Kwa mashahidi, na kadhi hatoi hukumu bila hao: a posteriori. Wayuaye kwamba mume asiyekuwa na mtoto wa marehemu ana nusu? Kwa wahyi uliopokewa, kwa nakili. Huku nako si kuona kwa macho, lakini si a priori pia, kwa maana limefika kwetu kwa kusikia na kupokea. Akili peke yake isingeweza kulikokotoa. Wayuaye kwamba nusu na theluthi mbili zinazidi kizima kwa sehemu moja ya sita? Kwa hesabu tu. Hilo lingekuwa kweli hata kama hakuna mtu aliyewahi kufa akaacha mume na dada wawili. Hilo ni a priori.

Kosa kubwa la pili limo hapa. Kijitabu, ukurasa wa 14, kinasema “hesabu ndiyo inayoamua auli”. Haiamui. Hesabu inasema jambo moja tu: 7/6 ya mali haigawiki. Haisemi apunguziwe nani. Kuwapunguzia wote kwa uwiano ni uamuzi wa kifikihi, yaani wa sheria ya Kiislamu, na sahaba Ibn Abbas aliipinga auli. Yeye aliona wapo warithi wa kupunguziwa na wapo wasioguswa. Ibn Abbas hakushindwa kujumlisha. Alikubali hesabu ileile na akafika kwingine, na hiyo ni dalili tosha kwamba kati ya hesabu na hukumu pana hatua ambayo si ya hesabu. Mwanafunzi mmoja aliuliza, “Ustadhi, mbona basi wanavyuoni wametofautiana ikiwa ni hesabu?” Swali lilikuwa sahihi kuliko kijitabu, na ustadhi, haki yake asemewe, alilikubali papo hapo na kurekebisha ubaoni. Ukurasa bado haujarekebishwa.

Vipindi vitatu vya mwisho havina uzito sawa.

Cha nne kinalinganisha a priori na mantiki ya Kiarabu, na kwa Lamu hilo ni jambo la heshima. Wanamantiki walitofautisha burhani, yaani uthibitisho, ya limmi, inayotoka kwenye sababu kwenda kwenye matokeo, na burhani ya inni, inayotoka kwenye matokeo kurudi kwenye sababu. Ukijua kusi limeshika ukasema bahari itachafuka, hiyo ni limmi. Ukiona bahari imechafuka ukasema huko nje kusi limeshika, hiyo ni inni. Zote mbili zina shina lake kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na wanazuoni wa Kilatini wa zama za kati walipotumia a priori na a posteriori walikusudia tofauti hiyo hiyo. Hadi hapo darasa liko sawa. Kisha linateleza na kusema kwamba burhani ya limmi ndiyo a priori ya Kant. Sivyo. Kwamba kusi huchafua bahari hujulikana kwa kuona misimu mingi ikipita. Mwanafalsafa wa Kiskoti David Hume alieleza mwaka 1748 kwamba uhusiano wa sababu na matokeo hauwezi kukokotolewa kwa akili tupu: mtu mwenye akili timamu aliyeletwa duniani leo asingejua, kwa kuyatazama maji yalivyo mepesi na angavu, kwamba yanaweza kumzamisha. Kwa hiyo hoja ya kusi ni a priori kwa matumizi ya kale na a posteriori kwa matumizi ya Kant. Neno lilihama. Asiyeambiwa hivyo atasoma vitabu vya karne mbili tofauti akidhani vinazungumza jambo moja.

Cha tano kinafundisha alama mbili za Kant za kuitambua a priori, ulazima na ujumla usiobagua, kisha kinaingia kwenye fundo gumu: hukumu, yaani kauli, zinazoongeza kitu kipya na bado ni a priori. Dakika 20 zilizotengwa ni chache mno. “Kila mjomba ana dada” hupatikana kwa kulifungua neno mjomba tu. Kant alidai kwamba 7 na 5 ni 12 si ya namna hiyo: fungua 7, fungua 5, fungua wazo la kuvijumlisha, hutalikuta 12 ndani, lazima uhesabu, kwa vidole au kwa nukta. Gottlob Frege, mwanahesabu na mwanafalsafa wa Kijerumani, alimpinga kuhusu hesabu mwaka 1884, akikubaliana naye kuhusu jiometri. Wanafunzi waliondoka wakiwa na jina la fundo bila fundo lenyewe.

Kipindi hicho pia ndicho kilichokusudiwa kuondoa dhana kwamba a priori ni lisilokosolewa kamwe. Kwa karne nyingi jumla ya pembe za pembetatu kuwa digrii 180 ilihesabiwa kuwa ukweli wa nafasi yote. Lamu iko karibu digrii 2 tu kusini mwa ikweta, basi mfano uko mlangoni: chombo kianze ikweta, kielekee kaskazini moja kwa moja hadi ncha ya dunia, kigeuke digrii 90, kishuke mpaka ikweta, kigeuke digrii 90, kifuate ikweta hadi kilipoanzia. Kitakutana na njia yake kwa pembe mraba ya tatu. Jumla ni 270. Kinachobaki a priori ni kwamba zikikubaliwa kanuni za jiometri za Euclid, mwanahesabu wa Ugiriki ya kale, jumla ni 180. Kwamba nafasi tunayoishi inafuata kanuni hizo ni suala la kupima. Mfano huu haumo darasani. Uingizwe, na tufe la dunia la shuleni linatosha.

Cha sita, juu ya mwanafalsafa wa Marekani Saul Kripke na mihadhara yake ya 1970, ni kifupi na kizuri. Mfano wa nyota unaeleweka upesi: ile ya alfajiri na ile ya magharibi ni Zuhura moja, na haiwezekani Zuhura isiwe Zuhura, hata hivyo watu walilijua hilo kwa kutazama mbingu. Ni la lazima, na ni a posteriori. Hivyo alama ya ulazima ya Kant haitoshi peke yake. Mwalimu aliongeza pishi na kibaba: kwamba pishi ni vibaba vinne hakuna anayekwenda kupima, ndivyo ilivyokubaliwa, kwamba pishi ya duka fulani inajaa vibaba vinne, hilo lipimwe mbele ya macho ya mnunuzi.

Anayetaka kujiandikisha aje na kalamu, asikitegemee kijitabu kabla ya kipindi cha kwanza, na akiweza kuchagua vipindi viwili tu, achague cha pili na cha tatu. Waalimu wa madrasa, mafundi wa ujenzi na wanafunzi wa sekondari watafaidika kuliko wasomaji wa falsafa waliobobea. Kwa waandaaji, kazi ya kwanza ni kurasa za 3 na 14. Ya pili ni mfano wa maji kujaa uliomo ukurasa wa 9, ambao umewekwa kama a priori kwa kuwa saa “inakokotolewa mapema”. Kukokotoa kutoka jedwali lililotengenezwa kwa kupima si a priori. Badala yake ziwekwe boriti. Boriti fupi kuliko nafasi kati ya kuta mbili haiwezi kuegemea kuta zote mbili, na hilo hujulikana bila kuinua boriti. Kwamba boriti za mikoko za dari za nyumba za kale hazifiki mita 3, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, hilo hujulikana kwa kwenda mikokoni na kwa kupima. Boriti zenyewe ziko juu ya vyumba vinavyokizunguka kiwanda hicho, hatua chache tu kutoka ubaoni.